Baada ya Egzeta, wafinalisti wetu wanakwenda wapi?

Barua nne za mwezi huu zote zimetoka Lubumbashi, na walioziandika hawafahamiani. Hata hivyo kila moja inauliza, kwa njia yake, namna ya kujua alikofika kijana baada ya kuaga sekondari, na kwa hiyo tumeziweka pamoja. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu majibu ya zile tatu yanaegemea juu yake.

Mimi ni prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, katika shule moja ya Katuba. Mwaka jana tulipeleka watahiniwa 64 kwenye Egzeta, yaani mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na 58 kati yao wakapata diploma. Vijana walijipaka poda nyeupe, wazazi wakaimba barabarani, nasi tukaandika asilimia 91 kwenye bango la langoni. Miezi michache baadaye, katika mkutano wa komite ya wazazi, baba mmoja alisimama akaniuliza: «Bwana Prefe, hao 58 wako wapi leo?» Sikuwa na jibu. Sasa komite inataka hesabu ya wanaoendelea na masomo ya juu. Nianzie wapi, na hesabu hiyo hufanywaje?

Bwana Prefe, bango lako halisemi uongo, ila linajibu swali ambalo baba yule hakuliuliza. Asilimia 91 inaeleza kwamba kati ya waliokaa kwenye mtihani, wengi walifikisha nusu ya pointi inayodaiwa ili kupata diploma. Haiwataji walioanza safari pamoja nao na wasifike kwenye mtihani, wala haielezi lolote kuhusu siku zilizofuata baada ya poda kuoshwa vichwani. Hesabu unayoitafuta haianzi katika orodha ya matokeo. Inaanza katika daftari la uandikishaji la miaka minne kabla ya hapo, siku kundi hilo lilipoingia mwaka wa kwanza wa umanite, yaani miaka minne ya mwisho ya sekondari.

Lifungue daftari hilo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwaka ule waliandikishwa wanafunzi 110. Watoe wale ambao una hakika walihamia shule nyingine, yaani wale ambao shule waliyokwenda iliomba karatasi zao kwako. Tuseme ni 18. Waongeze waliojiunga na kundi katikati ya safari, tuseme 9. Unabaki na 101, na hiyo ndiyo asili ya hesabu yako, namba ya chini ya mstari, ambayo haipaswi kuguswa tena hadi mwisho wa ufuatiliaji. Juu ya mstari ndipo utaandika namba zinazobadilika: 64 waliofika kwenye mtihani, 58 waliopata diploma, kisha walioingia chuoni, kisha waliobaki chuoni. Waliopata diploma sasa si asilimia 91, bali 57. Najua namba hiyo haimvutii mchora mabango, lakini ndiyo inayomweleza mzazi wa mtoto anayeanza leo nafasi aliyo nayo mtoto wake.

Wale 37 waliokosekana kwenye mtihani usiwafute. Baadhi yao wanarudia darasa, nao watatokea mwaka ujao wakiwa ndani ya kundi jingine; waache katika kundi lao la kwanza, uandike kando ya jina kwamba wamechelewa mwaka mmoja. Anayesemwa kwamba «amehama» bila karatasi yoyote kuombwa, mwandike kuwa hajulikani alipo, kwa maana katika shule nyingi neno hilo «amehama» ndilo shimo ambamo walioacha masomo hutupwa. Na hapa niseme jambo ambalo walimu wanalijua ingawa halisemwi mikutanoni: asilimia ya Egzeta inaweza kupandishwa kwa kufundisha vizuri zaidi, na inaweza pia kupandishwa kwa kuwazuia wanafunzi dhaifu wasiingie mwaka wa mwisho. Hesabu inayoanzia kwenye matokeo huituza shule inayofanya hilo la pili. Hesabu inayoanzia kwenye daftari la uandikishaji huifichua.

Sasa tuje kwenye neno «kuingia chuoni», ambalo linaonekana jepesi na sivyo. Kijana aliyepeleka maombi hajaingia. Aliyelipa ada ya kuandikishwa na kupewa namba ya matrikule ameingia kwenye karatasi. Aliyekaa darasani Novemba na Desemba amekaribia, lakini minervali, yaani ada ya masomo, ya awamu ya pili bado haijamfikia. Huko Uingereza, wizara ya elimu haimhesabu mwanafunzi kuwa ameendelea na masomo mpaka awe amedumu katika masomo mihula miwili mfululizo, yaani miezi kama sita, katika mwaka unaofuata baada ya kumaliza shule. Sheria hiyo ni ya busara, na kwetu naona inafaa zaidi, kwa sababu uandikishaji katika vyuo vyetu huanza kwa kuchelewa na huendelea kwa kuchelewa zaidi. Ukihesabu mwezi wa Oktoba utawakosa wengi ambao bado wanatafuta fedha. Ukihesabu Januari utawahesabu wengi watakaotoweka kabla ya Pasaka. Kwa hiyo hesabu mara mbili, mara moja mwishoni mwa Januari na mara nyingine muhula wa pili ukiwa umekwenda mbali, na katika ripoti yako uzitaje namba zote mbili. Tofauti kati yao ni habari kubwa kuliko kila moja peke yake.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa watu wengi waliozoea mfumo wa zamani. Tangu mageuzi ya LMD (lisansi, masta, udaktari) yalipoenezwa katika vyuo vya nchi, kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, mwanafunzi mpya huanzia L1, na lisansi huchukua miaka mitatu. Katika mfumo uliotangulia, alianzia G1, akamaliza miaka mitatu ya gradua, ndipo akaingia L1, ambayo ilikuwa mwaka wake wa nne chuoni. Kaka mkubwa na mdogo wake wanaweza wote wawili kukuambia kwamba walikuwa L1, na wakawa wametengana miaka mitatu ya masomo. Usiandike jina la darasa pekee. Andika mwaka aliopata diploma na mwaka alioandikishwa chuoni kwa mara ya kwanza. Na kijana aliyeingia mwaka wa matayarisho, kama zinavyodai baadhi ya fakulti, ameingia chuoni, ila muweke alama ili mwaka unaofuata asionekane kana kwamba amerudia.

Kuhusu namna ya kuzipata habari zenyewe, silaha yako ni katibu wa shule na daftari lenye mistari mipana. Mwanafunzi akishamaliza ana sababu chache za kurudi shuleni, lakini sababu hizo ni za lazima: anarudi kuchukua hati ya kufaulu, anarudi kuomba nakala za buletini, yaani ripoti zake za pointi, kwa ajili ya faili la uandikishaji chuoni, na anarudi tena, wakati mwingine baada ya miaka, kuichukua diploma yenyewe ikishafika. Kila anapokuja, katibu amwulize maswali matatu kabla ya kumpa karatasi: uko wapi, unafanya nini, tangu lini. Lakini msichanganye kuomba buletini na kuandikishwa. Nimewahi kuona orodha ya «wanafunzi wa chuo kikuu» iliyotungwa kutokana na maombi ya buletini, na nusu ya waliotajwa walikuwa wamezitumia kuombea kazi.

Kwa wasiorudi, simu. Chukua namba kabla ya mtihani, wakati wafinalisti bado wako mikononi mwako, na usichukue moja. Vijana hubadilisha kadi za simu kama wanavyobadilisha mashati. Chukua ya mwanafunzi, ya mzazi, na ya mtu wa tatu asiyehama mara kwa mara, kama vile shangazi, mjomba au mzee wa parokia. Kisha mchague kiongozi wa darasa pamoja na msichana mmoja miongoni mwa wenzake, kwa sababu habari za wasichana mara nyingi hazimfikii mvulana, na uwape kazi ya kukuletea habari za kundi lao mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya waliopata diploma wataonekana wamevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma Zambia; hao nao wameendelea na masomo, ingawa hakuna orodha ya chuo chochote cha hapa itakayokuonyesha majina yao.

Hata ukijitahidi namna gani, watabaki usiowapata, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Tuseme kati ya 58 umethibitisha kwamba 31 wameandikishwa chuoni, umethibitisha kwamba 10 hawakuandikishwa, na 17 hujawapata. Ukisema asilimia 53 wameendelea, umewahukumu wote 17 kwamba wamebaki nyumbani. Ukiwatoa 17 na kugawa 31 kwa 41, utapata asilimia 76 na kujipendelea, kwa maana waliofanikiwa ndio wanaojibu simu kwa furaha. Ukweli ni kwamba walioingia ni 31 kwa uchache na 48 kwa wingi, yaani kati ya asilimia 53 na 83 ya wenye diploma. Waandikie wazazi hivyo hivyo, na pengo hilo likiwaudhi, wawaombe majirani zao namba za simu.

Usifunge daftari baada ya mwaka mmoja. Mji wetu una desturi yake: kijana anapata diploma, fedha hazipo, anapanda gari kwenda Kolwezi kutafuta maisha kwenye shaba na kobalti, na mwaka wa pili au wa tatu anarudi na ada mkononi. Katika hesabu ya mwaka wa kwanza huyo ni mtu aliyeshindwa. Katika hesabu ya mwaka wa tatu ni mwanafunzi. Waingereza, ambao wana orodha nzuri kuliko zetu, nao wana kipimo kinachowafuata vijana hadi umri wa miaka 25 kwa sababu kama hiyo. Kwa shule yako, miaka mitatu kwa kila kundi inatosha.

Huenda ukauliza kwa nini kazi hii ikuangukie wewe, wakati Serikali inazo wizara mbili za elimu. Jibu limo katika hizo mbili. Sekondari iko chini ya wizara moja na vyuo viko chini ya nyingine, na kati yao mwanafunzi huvuka daraja bila kuandikwa. Juu ya buletini kuna visanduku vya namba ya kitambulisho cha mwanafunzi, na kuna idara ya kitaifa, SERNIE, iliyoundwa kwa ajili ya kuwatambulisha wanafunzi. Lakini afikapo chuoni kijana hupewa matrikule ya chuo hicho, na akihamia chuo kingine hupewa nyingine tena. Zaidi ya hayo, kila chuo huandikisha wanafunzi wake chenyewe. Nchini Kenya kuna taasisi moja, KUCCPS, inayowapangia nafasi wanafunzi wanaogharamiwa na serikali, na kwa hiyo kuna mlango ambapo mtu anaweza kusimama na kuhesabu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1993, vyuo hupeleka majina ya walioandikishwa kwenye shirika moja, National Student Clearinghouse, na shule ya sekondari inaweza kupeleka huko orodha ya wahitimu wake ikarudishiwa majibu. Hapa Lubumbashi, kutoka UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) hadi ISP (chuo cha ualimu), hadi ISTM (chuo cha ufundi wa tiba), hadi vyuo vya watu binafsi, milango ni mingi na kila mmoja una daftari lake. Unaweza, hata hivyo, kumwandikia katibu mkuu wa masomo wa kila chuo kinachowapokea wanafunzi wako kwa wingi, ukimwomba akupe idadi tu ya walioandikishwa wanaotoka shuleni kwako, kwa kuwa faili la uandikishaji hutaja shule ya asili. Idadi bila majina ni ombi jepesi kulikubali.

Nakushauri uanze na kundi la mwaka huu badala ya kungojea mfumo mkubwa. Watoto walioingia darasa la kwanza Septemba 2019, mwaka ambao masomo ya msingi katika shule za Serikali yalitangazwa kuwa bure, ambao hawakurudia darasa walimaliza la sita mwaka 2025. Hao wakifuata mpango wa miaka miwili ya elimu ya msingi inayobaki na minne ya umanite, watakaa kwenye Egzeta mwaka 2031. Shule itakayokuwa na mazoea ya kuhesabu kabla ya hapo itajua nini kimewapata. Nyingine zitaandika bango.

Ninasoma takwimu, na kwa kazi yangu ya kumaliza mzunguko wa masomo nimepewa orodha mbili: ya wafinalisti wa shule tatu, na ya walioandikishwa katika chuo kimoja. Nilidhani nitazilinganisha kwa jioni moja. Nimewapata Ilunga wanane wanaoweza kuwa watu watatu, na wengine ambao mwalimu wao anaapa kwamba wako chuoni lakini kwenye orodha hawapo. Nifanye nini? — Kijana wa Ruashi

Ndugu yetu, umekutana na ugumu wenyewe wa kazi hii mapema, na ni heri kuliko kukutana nao siku ya kutetea kazi yako. Majina yetu yana sehemu tatu, nayo kila ofisi huyapanga inavyopenda: hapa jina la Kikristo limetangulia, pale limekuja mwisho, kwingine limeachwa kabisa. Tahajia nayo ina mikono mingi. Ngoy wa buletini ni Ngoie wa chuo, Mwamba ni Muamba, Chibangu ni Tshibangu kutegemea karani alikulia upande gani wa nchi. Kompyuta itakuambia kwamba hao ni watu sita.

Kabla ya kulinganisha chochote, andika majina yote upya kwa kanuni moja: herufi kubwa tupu, bila alama juu ya herufi, «tsh» igeuzwe kuwa «ch», «oie» iwe «oy», «mua» iwe «mwa», na sehemu tatu za jina zipangwe kwa alfabeti badala ya kufuata mpangilio wa ofisi. Weka nakala ya orodha ya awali bila kuigusa. Kisha linganisha kwa hatua. Wanaofanana kwa sehemu zote tatu na tarehe ya kuzaliwa, wakubali. Wanaofanana kwa sehemu mbili na tarehe, pamoja na shule na mwaka wa diploma, wakubali pia, lakini waweke alama. Wanaofanana kwa majina tu, katika mji ambao Ilunga, Ngoy na Kasongo wako kila mtaa, wakague mmoja mmoja kwa macho au uwaache. Na usiiamini sana tarehe ya kuzaliwa ikiwa ni tarehe 1 Januari; mara nyingi ni tarehe ya karani aliyekosa nyingine.

Makosa ni ya aina mbili, nayo hayalingani. Kumwunganisha kijana na mtu asiye yeye kunapandisha hesabu ya walioendelea. Kumkosa aliyepo kunaishusha. Chukua majina 50 kwa kura, uwapigie simu au uende shuleni kwao, na uhesabu ni mara ngapi umekosea kila upande. Ukurasa mmoja wenye matokeo ya jaribio hilo utakuwa na uzito kuliko michoro yote utakayoweka baada yake. Kwa wale ambao mwalimu anaapa wako chuoni, kumbuka kwamba unayo orodha ya chuo kimoja tu, na mwalimu hakukuambia ni chuo kipi.

Ikiwa siku moja utataka kurudi nyuma kwa miaka mingi, jiandae kwa matatizo ya aina nyingine. Kabla ya mwaka 1972 watu waliandikwa kwa majina ya ubatizo ambayo siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu iliyaondoa, hivyo mtu mmoja ana jina moja katika sekondari na jingine chuoni. Kati ya 1971 na 1981 chuo kikuu cha hapa kilikuwa tawi la UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na karatasi za wakati huo zitakuambia hivyo. Na Katanga ya zamani iligawanywa mwaka 2015 kuwa mikoa minne, kwa hiyo shule ya Kolwezi ambayo haikusogea hata hatua moja imehamia Lualaba katika madaftari.

Jambo la mwisho kwako: orodha hizo ulizopewa ni za watu. Kanuni ya dijitali ya nchi yetu ya mwaka 2023 inalinda taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, si heshima kuacha majina, tarehe na namba za simu za vijana kwenye kompyuta ya sehemu ya kuchapia. Ukimaliza kulinganisha, badilisha majina kwa namba, na faili lenye majina ulirudishe lilikotoka.

Binti yangu alipata diploma kwa asilimia 61, nikauza mashine yangu moja ya kushonea ili nimlipie awamu ya kwanza ya ada. Mwezi wa tatu nikagundua kwamba tangu Januari haendi tena darasani. Shule yake ya zamani bado inamtaja katika orodha ya waliofika chuo kikuu. Chuo kinasema mtu mzima hujieleza mwenyewe. Nani alipaswa kuniambia? — Mama mzazi, Kampemba

Pole sana, Mama. Kwa mujibu wa utaratibu, hakuna aliyepaswa kukuambia, na hilo ndilo linaloumiza. Katika sekondari prefe hukuita mtoto akikosa siku kadhaa. Chuoni, kijana aliyetimiza miaka 18 ndiye mwenye faili lake, na aparitora, ofisi ya uandikishaji, haiwajibiki kumtafuta mzazi. Shule ya zamani nayo ilimhesabu mwezi alioandikishwa ikaacha hapo, jambo ambalo tumemweleza Bwana Prefe wa Katuba kwamba halitoshi.

Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, kaa na binti yako umwulize kwa upole kilichotokea Januari. Mwezi huo ndio wa hatari kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu awamu ya pili ya ada hukaribia, na asiyelipa huogopa kwamba hataruhusiwa kuingia mtihani wa muhula. Wengi huona aibu kurudi kwa mzazi ambaye wanajua ameuza kitu. Wengine hugundua kwamba fakulti waliyoichagua haifuatani na walichosoma, kama vile aliyetoka pedagojia akajikuta mbele ya hesabu za uhandisi. Kwa msichana kunaweza kuwa na sababu nyingine ambazo hatazisema mbele ya watu.

Kisha nendeni pamoja chuoni, yeye akiwa ndiye anayeuliza, mkaombe karatasi ya pointi za muhula wa kwanza ikiwa alifanya mtihani wowote. Katika mfumo wa LMD, kredi alizozipata ni zake; huhifadhiwa, na akihamia idara au chuo kingine anaweza kuomba zitambuliwe. Karatasi hiyo ni rahisi kuipata sasa kuliko baada ya miaka miwili, wakati atakapotaka kurudi. Na mwambieni katibu wa shule ya zamani aandike kwamba binti aliingia na amesimama, na sababu yake ikiwa mwenyewe anakubali itajwe. Wengine kumi wa shule hiyo wakiwa wamesimama Januari hiyo hiyo kwa ajili ya awamu ile ile ya ada, komite ya wazazi itakuwa na jambo la kuzungumza na chuo.

Mwanangu amejiunga na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, kusomea umeme wa magari. Shule imemweka upande wa «wasioendelea». Je, ni haki? — Baba wa Kamalondo

Si haki, Baba, lakini kosa hilo linatoka mbali. INPP, iliyoundwa mwaka 1964, haiko chini ya wizara ya shule wala ya vyuo, kwa hiyo wanafunzi wake hawaonekani katika hesabu za wizara hizo. Shule inayotazama kwa jicho la wizara hizo mbili haiwezi kumwona mwanao. Hata UNESCO, katika mpangilio wake wa ngazi za elimu, imetenga ngazi ya 4 kwa mafunzo yanayofuata sekondari bila kuwa ya chuo kikuu. Mwombe prefe apige mstari mwingine katika daftari lake, kati ya walioingia chuoni na wasiosoma tena, kwa ajili ya wanaojifunza ufundi mahali panapotoa cheti. Aandike jina la mafunzo, tarehe ya kuanza, na muda wake, kwa sababu mafunzo mengine ni ya wiki chache na mengine ni ya miezi mingi. Aliye kwenye gereji ya mjomba bila cheti muweke kando, katika mstari wake mwenyewe, na mwaka ujao umwulize tena.